Sura ya Sita: Ubao Mmoja, Vidole Vingi

Waluba wa Kabongo, huku kwetu Katanga nchini Kongo, walikuwa na kitabu kabla ya kitabu. Kiliitwa lukasa. Ni ubao mdogo wa mti unaoenea mkononi, uliopambwa kwa shanga, simbi na nakshi za kuchonga. Msomaji aliushika kwa mkono wa kushoto, akaupapasa kwa kidole cha mkono wa kulia, na kila kidole kilipogusa ushanga, kinywa kilitoa jina: la mfalme, la ziwa, la safari, la vita. Si kila mtu aliruhusiwa kuusoma. Kazi hiyo ilikuwa ya watu wa mbudye, chama kilichotunza siri na historia ya ufalme, na mabingwa wao waliitwa bana balute, watu wa kumbukumbu. Mwaka 1996 Mary Nooter Roberts na Allen Roberts waliandaa mjini New York maonyesho makubwa ya sanaa ya Waluba, na neno la kwanza katika jina la maonyesho hayo lilikuwa hilohilo: kumbukumbu.

Jambo moja la lukasa linanigusa kuliko yote. Wasomaji wawili hawakuusoma ubao kwa namna moja. Shanga hazisogei, lakini simulizi husogea. Hutegemea nani anasikiliza, ukoo gani umeita, na neno gani lina ugomvi siku hiyo. Kabongo inalijua hilo vizuri. Ufalme wa Waluba ulipoingia mikononi mwa wakoloni ulikuwa umekwisha kugawanyika, upande mmoja Kabongo, upande wa pili Kasongo Nyembo, yule aliyewapinga Wabelgiji hadi mwaka 1917. Pande zote mbili zilihesabu mababu walewale, na kila upande uliwahesabu kwa namna inayoufaa.

Naanza na ubao huu kwa sababu sura hii inahusu ugomvi wa wasomaji, nami nataka ieleweke tangu mwanzo kwamba ugomvi huo si utovu wa adabu. Katika nchi hii ni urithi. Watu watano wanaposhika vitabu vya mwandishi mmoja na kubishana kipi kizuri na kipi kibaya, wanafanya kazi ya zamani sana.

Watu watano na mwandishi mmoja

Mwandishi wetu ni Sony Labou Tansi. Alizaliwa tarehe 5 Julai 1947 huko Kimwanza, kusini ya jiji ambalo leo ni Kinshasa, akaitwa Marcel Ntsoni. Akiwa bado mtoto alivushwa mto, akasoma na kukulia Kongo-Brazzaville, ambako alikuwa mwalimu wa Kiingereza, halafu mwandishi, halafu mwanzilishi wa kikundi cha maigizo cha Rocado Zulu mwaka 1979. Alikufa tarehe 14 Juni 1995 kwa ugonjwa wa UKIMWI, hajafikisha miaka 48. Mke wake, Pierrette, alikuwa amemtangulia kwa muda mfupi.

Aliacha riwaya sita: La Vie et demie ya mwaka 1979, L'État honteux ya 1981, L'Anté-peuple ya 1983, Les Sept Solitudes de Lorsa Lopez ya 1985, Les Yeux du volcan ya 1988, na Le Commencement des douleurs iliyotoka mwaka uleule aliokufa. Isipokuwa ile ya tatu, zote ni hadithi za maajabu na kicheko. Wafu wanakataa kufa, nchi zinakatwa kwa kalamu, miji mikuu inahamishwa pamoja na mawe yake. Ni kicheko cha mtu aliyeona mengi, na msomaji hucheka huku mkono uko kifuani.

Sisi tulikuwa watu watano Kabongo. Mwalimu mstaafu wa Kifaransa, mama mmoja muuguzi, kijana aliyekuwa amepata diploma ya Serikali na hajapata kazi, papa mmoja aliyefanya kazi ya reli miaka mingi, na mimi. Katika Kiswahili chetu cha Katanga barua na kitabu vyote ni mukanda, nasi tulikuwa na mikanda mitatu halisi na mitatu ya fotokopi, iliyotoka Lubumbashi kwa gari moshi hadi Kamina, na kutoka Kamina kwa pikipiki, imefungwa katika mfuko wa plastiki kama dawa. Tulizungushana. Mtu akimaliza kusoma anampa mwenzake. Mvua mbili zilipita kabla ya wote watano kumaliza vyote sita.

Ndipo Mwalimu akatoa sharti. "Kila mtu ataje kimoja anachokipenda kuliko vyote na kimoja kilichomkera kuliko vyote. Na asiseme tu. Aonyeshe ukurasa."

Sharti hilo la mwisho ndilo lililotuokoa. Mtu akisema kitabu ni kizuri, hujui kama anasifu kitabu au anajisifu yeye. Akifungua ukurasa, mnabaki na ukurasa.

Uhai mmoja na nusu

Mwalimu alianza kwa haki ya umri. Chaguo lake lilikuwa La Vie et demie, jina ambalo tulikubaliana kulisema kwa Kiswahili Uhai Mmoja na Nusu. Nchi ni Katamalanasie, nchi ya kubuni. Katika kurasa za kwanza mtawala anayeitwa Kiongozi wa Majaliwa yuko mezani anakula nyama, na kwa kisu kilekile cha mezani anamchoma mpinzani wake, Martial, mbele ya mke na watoto wake. Martial hafi. Anachomwa, anapigwa risasi, anakatwa, na nusu yake ya juu inabaki inaelea hewani, inasema kwamba haitaki kufa kifo hiki. Kisha kwa miaka na miaka anamtokea Kiongozi, anamtia wino mweusi usiofutika. Binti yake, Chaïdana, anaingia katika nyumba za wakubwa na kuwamaliza mmoja mmoja kwa shampeni yenye sumu. Watawala wanarithishana, kila mmoja na kichaa chake. Mmoja anazaa na wanawali hamsini, watoto wote wanaitwa Jean, na mwisho ni vita ambamo hata nzi wanageuzwa silaha.

"Someni hapa," Mwalimu alisema, akafungua pale Martial anapokataa kufa. "Nilifundisha miaka thelathini. Nilifundisha Molière, nilifundisha Victor Hugo. Sikuwahi kukutana na ukurasa unaosema kwa ufupi hivi jambo ambalo sisi wote tunalijua: kwamba ukimuua mtu mwenye haki, umejitafutia kazi isiyokwisha."

Papa wa reli alitikisa kichwa. Kwake kitabu hichohicho ndicho kilichomkera. Alisema kwamba baada ya nusu ya kwanza alipotea. Jean huyu na Jean yule, vita hii na vita ile, mpaka akawa anasoma kama mtu anayehesabu mabehewa ya mizigo yanayopita usiku: unajua ni mengi, huoni lililomo. "Mwalimu, mtu akinichekesha sana nasahau kulia. Hiki kitabu kina maiti nyingi, nami sikumlilia hata mmoja."

Hoja hiyo ni nzito na sitaki kuipita haraka. Kicheko kinachorundika maajabu kina hatari yake. Ajabu la kwanza hukushtua, la kumi hukuchosha. Kila mwandishi wa hadithi za namna hii anajua ngazi hiyo, na Sony aliipanda mpaka juu kabisa. Mwalimu alijibu kwamba huko kuchoka ndiko kulikokusudiwa, kwamba udikteta nao huchosha kwa kurudia. Papa hakukubali. "Mimi niliuishi. Sihitaji kuchoshwa mara ya pili."

Soni

Kijana alichagua L'État honteux, na sababu yake ilitunyamazisha sote. Alisema kitabu hicho hakina budi kuitwa Dola la Soni. Soni kwa Kiswahili ni aibu, haya inayomshika mtu uso. Kwa Kikongo nako nsoni ni aibu, na mwandishi mwenyewe kwa jina la kuzaliwa ni Ntsoni. Kwa hiyo mtu aliyebeba aibu katika jina lake aliandika kitabu cha nchi yenye aibu, na sisi, wasomaji wa Kiswahili, tunaweza kulisikia hilo kwa neno moja, ambapo Mfaransa anahitaji maelezo.

Mtawala wa kitabu hicho ni kanali Martillimi Lopez, mwenye ngiri kubwa, anayemtaja mama yake, Mama wa Taifa, kila wakati. Mapema kabisa anaitisha ramani, anaona nchi imekaa vibaya, anachukua kalamu na kuchora mistari minne iliyonyooka. Tangu leo nchi itakuwa mraba. Walioachwa nje wawe wa majirani.

"Huo ndio ukurasa wangu," kijana alisema. "Tumefundishwa shuleni Mkutano wa Berlin, 1884 na 1885. Tumekariri tarehe tupate alama. Sikuwahi kuucheka. Nilipousoma ukurasa huu nilicheka, halafu usiku nikashindwa kulala, kwa sababu mkoa wetu wa Haut-Lomami wenyewe ni mistari. Nilizaliwa katika Katanga, mwaka 2015 nikaamka niko katika mkoa mwingine, na sikuwa nimehama nyumba."

Mama muuguzi alikuwa amekikataa kitabu hichohicho kwa nguvu. Hakupenda lugha yake. Ngiri, matusi, mwili wa mtu ukigeuzwa mzaha ukurasa baada ya ukurasa. "Mdogo wangu, mimi nazishika ngiri hizo kwa mikono yangu. Mtu mwenye ngiri anaumia. Anaona haya hata kumwambia muuguzi. Mwandishi akiifanya ngiri kuwa kichekesho, mgonjwa wangu atafika hospitali akiwa amechelewa zaidi."

Kijana alijaribu kueleza kwamba ngiri ile ni ya mamlaka, si ya mgonjwa. Mama alikubali kwamba anaelewa, na akasema kwamba kuelewa hakumlazimishi kupenda. Maneno hayo niliyaandika. Mara nyingi tunawaambia wasomaji wasiopenda kitabu kwamba hawakukielewa. Yule mama alikielewa vizuri kabisa, na bado akakikataa, kwa sababu alikuwa na ujuzi ambao mwandishi hakuwa nao.

Upweke saba, na kitabu kisicho na maajabu

Kipenzi cha mama muuguzi ni Les Sept Solitudes de Lorsa Lopez, yaani Upweke Saba wa Lorsa Lopez. Mji unaitwa Valancia. Wakubwa wameunyang'anya heshima ya kuwa mji mkuu na kuipeleka Nsanga-Norda, na wanapohama wanachukua kila kitu, madaraja na mawe yake. Siku moja Lorsa Lopez anamuua mke wake hadharani, mke anapiga kelele watu wanasikia, na hakuna anayetoka kumwokoa. Mji unaamua kuwasubiri polisi waje kuchunguza. Wanasubiri miaka 47. Katika miaka hiyo mwanamke mmoja, Estina Bronzario, anasimama kuirudisha heshima ya mji na ya wanawake wake, na msimulizi wa yote ni mwanamke, Gracia.

"Ukurasa wangu ni ule wa kelele," mama alisema. "Mji mzima unasikia mwanamke anakufa, na kila mtu yuko nyumbani kwake. Humo hamna ajabu lolote. Ajabu ni kwamba mwanaume ndiye aliyeandika." Alitulia kidogo. Kisha akasema kwamba kule kwenye La Vie et demie Chaïdana analipiza kisasi kwa mwili wake, na yeye hakufurahi, maana mwanamke anaonekana hana silaha nyingine. Miaka sita baadaye mwandishi huyohuyo amempa Estina Bronzario akili, sauti na watu wa kumfuata. "Alijifunza. Mimi nampenda mwandishi anayejifunza."

Sikupata kusikia uhakiki mzuri kuliko huo wa safari ya Sony kutoka riwaya ya kwanza hadi ya nne.

Halafu ikawa zamu ya Papa. Alichagua L'Anté-peuple, kitabu kisicho na mzimu, kisicho na ramani ya mraba. Dadou ni mkurugenzi wa shule ya wasichana jijini Kinshasa. Mwanafunzi wake, Yavelde, anampenda, yeye anajizuia, msichana anajiua, na lawama inamwangukia Dadou. Kutoka hapo ni gereza, kukimbia, kuvuka mto, na kuishi upande wa pili katika mavazi ya mwendawazimu. Kitabu hicho ndicho kilichompa Sony Tuzo Kuu ya Fasihi ya Afrika Nyeusi mwaka 1983.

Mimi nilikuwa nimekuja na kitabu hicho kama nilichokipenda kidogo kuliko vyote, na nilikuwa na hoja zangu tayari. Kwamba mwandishi wa maajabu alipoacha maajabu alibaki na mabawa yaliyokunjwa. Kwamba tuzo ilikwenda kwa kitabu chake kilichofanana zaidi na vya wengine. Papa alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua ukurasa ambapo watu wanaitana citoyen.

"Ninyi mnasoma neno," alisema. "Mimi niliitwa hivyo. Baada ya nchi kuitwa Zaire mwaka 1971 tuliambiwa tuache majina ya ubatizo, tuvae abacost, tuitane citoyen. Asubuhi kabla ya kazi tulicheza na kumwimbia Kiongozi. Mtu aliyekuwa na cheo aliweza kuamka kesho hana cheo, wala hana kosa. Unamtafuta mzimu wa nini? Kwangu ajabu ni huyu Dadou, mtu mwema, anayeshuka ngazi moja moja na hakuna anayemsukuma kwa nguvu. Kila mtu anamsukuma kidogo tu."

Nilirudi nyumbani nikakisoma upya kwa siku tatu. Papa alikuwa na haki. Kitabu hicho ni udongo ambao vingine vyote vimeota juu yake. Sikukipandisha kikawa cha kwanza, lakini nilikiondoa mwisho, na mahali pake nikaweka Les Yeux du volcan, yaani Macho ya Volkano, ambacho jitu lake linafika mjini kwa fahari kubwa, na mimi nikaendelea kulingoja litende jambo hadi kurasa zikaisha.

Kuhusu kitabu cha mwisho, Le Commencement des douleurs, Mwalimu ndiye aliyekikataa. Aliona humo mwandishi anayejirudia, sentensi zinazovimba, busu moja la mzee kwa msichana mdogo linaloutikisa ulimwengu mzima wa Hondo-Noote, na yeye kama mwalimu hakupenda kulisoma busu hilo. Muuguzi alikubali kuhusu busu. Kuhusu sentensi, alimjibu polepole. Alisema jina la kitabu ni la Injili, sura ya 24 ya Mathayo, ambamo Biblia yetu ya Kiswahili inasema utungu, neno la mama anayejifungua. "Mwalimu, kitabu hiki kilitoka mwaka aliokufa yeye na mke wake. Mimi nimekaa na wagonjwa wa namna hiyo miaka ile ambapo hatukuwa na dawa. Husema sana usiku. Hurudia. Siwezi kuwaambia wafupishe."

Mwalimu hakubadili chaguo lake. Alifunga kitabu, akakiweka juu ya vingine, si chini.

Mdomo wa mfalme

Wapo wanaosema kwamba maajabu ya Sony yametoka Amerika Kusini, kwa Gabriel García Márquez na mji wake wa Macondo katika riwaya ya Miaka Mia ya Upweke ya mwaka 1967. Jina la upweke saba linawapa sababu, na ni kweli kwamba waandishi husomana. Lakini msomaji wa Kabongo ana mlango mwingine wa kuingilia, ulio karibu zaidi.

Utenzi wa asili ya ufalme wa Waluba unaanzia Mwibele, karibu na ziwa Boya. Mfalme ni Nkongolo Mwamba, mwekundu, mlevi, mkatili, anayefungamanishwa na upinde wa mvua na nyoka wake. Anakula mbele ya watu na kucheka kinywa kikiwa wazi. Kutoka mashariki anafika mwindaji Mbidi Kiluwe, mtu wa adabu nyingine, anayekula kwa kujificha na kufunika mdomo. Ugeni huo unaanza kwa mshangao wa mezani na unaishia katika kuzaliwa kwa Kalala Ilunga, mtoto wa Mbidi na dada ya Nkongolo. Kijana anapokua na kumshinda mjomba wake katika michezo, mjomba anachimba shimo, anasimika mikuki ndani, anatandika mkeka juu, na kumwalika mpwa wake aje kucheza ngoma hapo. Mpiga ngoma anamwonya kwa midundo. Kijana anaruka, anakimbilia kwa baba yake, anarudi na jeshi, na kichwa cha Nkongolo kinakatwa.

Humo mna mlevi anayecheka, mwaliko wa sherehe uliofunika kaburi, ngoma inayosema siri mbele ya adui asiielewe. Mna pia swali ambalo La Vie et demie inaanza nalo: mfalme anakulaje? Nkongolo na Kiongozi wa Majaliwa wote wanatambulishwa kwetu kwa vinywa vyao. Wakongwe wetu waliamini kwamba unaweza kuupima utawala kwa kumtazama mtawala anapokula, na Sony, mtoto wa Wakongo wa mbali na Boya, alifikia kipimo hichohicho. Kwa hiyo sisi hatumsomi kama mgeni. Tunamsoma kama mtu wa nyumba ya jirani aliyesimulia hadithi tunayoijua kwa njia ambayo hatukuitarajia.

Namna ya kubishana

Afrika Mashariki ina ushahidi mwingine wa nguvu ya kusoma pamoja hadithi za aina hii. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ akiwa kizuizini Kamiti, juu ya karatasi za chooni, hadithi ya karamu ya wezi wanaoshindana nani ameiba zaidi. Ilipotoka kwa Kikuyu mwaka 1980, familia ziliisoma kwa sauti jioni, wafanyakazi walisomewa wakati wa chakula, na katika baa walijitokeza wasomaji walionyamaza mahali patamu mpaka glasi ijazwe tena. Mwaka 1982 ikaja kwa Kiswahili, Shetani Msalabani. Riwaya yake iliyofuata, Matigari, ya 1986, ilizungumzwa sana na wakulima hata serikali ya Kenya mwaka 1987 ikaamuru Matigari akamatwe, na ilipojulikana kwamba ni mtu wa kitabuni, nakala za kitabu ndizo zilizokamatwa. Mamlaka iliogopa mazungumzo kuliko kurasa. Kitabu kilichosomwa na mtu mmoja chumbani hakikumtisha mtu.

Kwa hiyo natoa hapa masharti tuliyoyafuata Kabongo, kwa yeyote anayetaka kukusanya wasomaji wake, Kamina au Kigoma, Bukavu au Mombasa.

Chagueni mwandishi mmoja na msome vitabu vyake vyote mnavyoweza kupata, maana kitabu kimoja hakionyeshi safari ya mtu. Kila mmoja ataje anachokipenda na asichokipenda, vyote viwili, kwa sababu anayependa vyote hajachagua, na anayechukia vyote hajasoma. Onyesheni ukurasa. Mpeni nafasi mwenye ujuzi wa maisha kama mnavyompa mwenye ujuzi wa shule: muuguzi wetu aliijua ngiri, mtu wa reli aliujua utawala wa citoyen, na vitabu vilipata mwanga ambao Mwalimu na mimi hatukuwa nao. Mwishowe, mruhusuni mtu kubadili nia bila kumcheka. Mimi nilibadili, na sikupungukiwa kitu.

Kura zetu zilikuwa hivi. Uhai Mmoja na Nusu ilipendwa na wawili, Mwalimu na mimi, na ilimkera mmoja. Dola la Soni ilipendwa na mmoja, ikamkera mmoja. Upweke saba ilipendwa na mmoja na haikukataliwa na yeyote, nayo L'Anté-peuple hivyohivyo, baada ya mimi kuondoa neno langu. Mwanzo wa utungu, yaani Le Commencement des douleurs, ilikataliwa na Mwalimu; Macho ya Volkano ilikataliwa na mimi, na kijana pia aliitaja hiyo, kwa sababu yake mwenyewe: alikuwa amechoka kusubiri watu wakubwa.

Mwenye kutaka kuanza, aanze na Les Sept Solitudes de Lorsa Lopez. Hiyo ndiyo hukumu yangu, ingawa kipenzi changu ni kingine, kwa sababu kati ya vitabu hivi sita ndicho kinachomfungulia mlango msomaji wa kila umri, na hakuna kati yetu watano aliyekiweka chini kabla ya mwisho. Na kwa watafsiri wetu nina ombi moja. Vitabu hivi vinahitaji Kiswahili. Mama anayeuza samaki wa Upemba sokoni Kabongo anaijua soni, anamjua Nkongolo, anajua jinsi mfalme anavyokula. Amenyimwa Kifaransa tu. Mleteeni Sony katika lugha yake, halafu mwulizeni ni ukurasa gani ulimkera.